Kwenda Saint Paul Kumtazama Kocha wa Michezo Minne

Niliondoka nyumbani kwa hasira, sifichi. Kocha wa mpira wa kikapu alimwambia binti yangu Furaha, mwenye miaka kumi na miwili, achague kabla ya Jumatatu: kikapu au mbio. Vyote viwili hapana, eti mtoto atachoka. Atachoka! Mimi nafanya zamu ya usiku nyumba ya wazee, mchana nakwenda kuogesha wagonjwa majumbani, nani aliniuliza? Njeri, Mkenya tunayefanya naye zamu, akanidokeza kwamba chuo anakosafisha kule Saint Paul wametundika picha za kocha wao wa zamani aliyefundisha michezo minne peke yake. Nikasema ushahidi ndio huo. Nitaupiga picha, nimwoneshe yule bwana.

Jumamosi asubuhi mimi na Furaha tulipanda basi kwetu Brooklyn Center. Nilikuwa nimetoka kazini, sijalala. Theluji ya kando ya barabara ilikuwa imeshakuwa nyeusi kama masizi. Ninyi ndugu zangu wa Uvira, huko Kongo, mnadhani Amerika kila mtu ana gari. Njooni mngoje basi na sisi.

Minneapolis tukahamia treni. Vituo haviishi. Furaha aliegemea dirisha, mimi napanga maneno ya kumchapa kocha.

Chuoni, Njeri alitupokea mlangoni mwa jumba la michezo, mopu mkononi.

"Karibu, Mama Furaha. Umekuja ku-fight hata Jumamosi?"

"Nioneshe huyo mzee wako."

"Si wangu. Mimi namfuta vumbi tu."

Picha zilipangwa ukutani kwa miaka. Futiboli ya Kimarekani, kikapu, besiboli, mbio. Vijana wanabadilisha nguo, kocha yuko na koti lile lile. Njeri alikuwa ameshayasoma maelezo yote. Kocha huyo alianza kijana, akasema, na wachezaji walikuwa wachache, hao hao wakihama naye kutoka mchezo hadi mchezo. Alipozeeka chuo kikamwondolea futiboli, kisha kikapu, kisha besiboli. Akabaki na wakimbiaji. Picha ya mwisho ameketi kitini kando ya uwanja, mdomo wazi, usingizi umemchukua.

"Lakini alishinda?"

"Alishinda, akashindwa. Lakini cheki hiyo sura. Hiyo ni ya zamu mbili, kama yako."

Nikatoa simu, nikageuka kumwita Furaha asimame karibu na picha. Alikuwa ameketi sakafuni, kiatu kimoja amevua pamoja na soksi. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi, soksi imegandamana na damu.

"Tangu lini?"

Akanijibu kwa Kiingereza chake, kama kawaida: tangu kabla ya Krismasi.

"Mbona hukusema?"

"Ungeniambia nikaze. Mama, mimi sikusema nataka vyote. Wewe ndiye ulisema."

Njeri akaanza kupiga mopu mahali palipokwisha kukauka. Simu nikairudisha mfukoni.

Kurudi, treni ilikuwa nusu tupu. Niliuweka mguu wake mapajani mwangu.

"Basi chagua."

"Kikapu."

"Mbio ndizo unashinda!"

"Kikapu kina benchi la kupumzikia, Mama."

Akalala hapo hapo. Nilivuka miji miwili kumtafuta mtu aliyeweza vyote, nikamkuta amesinzia kitini. Hilo ndilo nililojifunza. Jumatatu nitampigia kocha nimpe jibu. Asante hatapata.