Mstari Nyuma ya Asukulu

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za vita, mwanangu, ijapokuwa siku ile hakuna risasi iliyolia. Wanajeshi waliokuwa wanatutawala hapa Baraka walituita uwanjani tuchague shefu wa kijiji. Hapakuwa na karatasi wala sanduku. Uliyemtaka ulisimama nyuma yake, na wanajeshi wanakutazama usoni.

Waligombea wawili. Mmoja alikuwa mfanyabiashara wa mawese, rafiki wa hao wanajeshi. Mwingine alikuwa Asukulu, mkulima kama sisi. Kilichogombewa hasa ni shamba la michikichi lililoachwa na wenyewe. Katikati ya michikichi ile tulikuwa tumepanda mihogo, maana mashamba yetu ya mbali, kule Lubondja, hayakufikika tena. Shefu ndiye angesema nani alime pale, na yule rafiki wa wanajeshi tulijua angewapa wao. Bila mihogo ile tungekula nini?

Filimbi ikalia, watu wakamiminika nyuma ya mfanyabiashara, na mimi nikiwemo. Nyuma ya Asukulu alisimama mtu mmoja tu, baba mkubwa wangu Ebengo, amevaa koti lake la kanisani kwenye jua lote lile. Roho iliniuma kumwona peke yake. Nikatoka mstarini, nikaenda kusimama nyuma yake. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa kijana, nikajiona shujaa kweli kweli.

Hakugeuza hata kichwa. "We Amisi, umekuya nyuma yangu ao nyuma ya Asukulu?"

"Nyuma yako, baba mukubwa. Siwezi kukuacha peke yako."

"Basi rudia kule. Mi siombi bukubwa, anaomba Asukulu. Kesho nikikufa, utasimama nyuma ya nani? Angalia ile mihogo, angalia batoto ba dada yako, kisha uchague we mwenyewe."

Sikurudi. Mfanyabiashara alishinda, na kabla mihogo haijakomaa shamba likafungwa. Wanajeshi wakaing'oa wao. Mtoto mdogo wa dada yangu hakuumaliza msimu ule wa njaa, na mvua zilipoanza baba mkubwa naye akafariki. Niliwazika wote wawili, mwanangu, na mpaka leo nina hasira.

Baadaye shefu yule alikimbilia Kazimia, nasi tukapangwa tena uwanjani, tuchague kati ya Asukulu na rafiki mwingine wa wanajeshi. Asukulu alikuwa mbele, amekonda. Miguu ilinitetemeka mpaka nikaona haya, lakini nilikwenda nikasimama nyuma yake, kwa sababu nililitaka shamba lile. Tulishindwa tena.

Siku hizi mnapigia kura kwenye sanduku, mnaletewa chumvi na fulana, halafu mnakuja kwangu: "Mzee, familia yetu iko na nani?" Msiniulize mimi. Muulize anayeomba kura, akishinda shamba lako litalimwa na nani. Akikujibu kwa nyimbo, mwache aende zake. Usimfuate kwa sababu ni wa kabila lako, wala kwa sababu mimi nimemfuata. Na usidhani ukichagua vizuri lazima ushinde, mimi sikushinda. Chagua tu. Mungu aitie miguu yako nguvu siku hiyo, akulindie mihogo yako, na akujalie uzikwe na watoto wako, usiwazike wewe.