Kadibodi ya Thadeus

"Nauliza tena! Nani alimwambia huyu mwanamke ati Lewis wangu ameshika nambari thelathini na nane?"

Mong'ina alikuwa amesimama katikati ya duka la Ishwar, mwavuli ameuelekeza kwa mke mwenzake kama bunduki. Damaris naye amekaa kwa benchi ya wateja, miguu amekunja, hana haraka.

"Sikuambiwa, Mama Lewis. Nilisoma na macho yangu. Kompyuta haina aibu, inaonyesha tu."

"Ukasoma, halafu ukapelekea soko yote ya Magwagwa!"

"Soko iliniuliza."

Thadeus alikuwa nyuma ya kompyuta, jicho moja kwa hao wamama, lingine kwa saa iliyo juu ya vitabu vya mazoezi. Saa tano na nusu. Saa sita Onsongo angepita na lori la mawe yaliyochongwa Tabaka, aende nayo mpaka Mombasa, na kiti cha utingo kilikuwa chake. Nguo alikuwa amefunga tangu asubuhi, begi liko chini ya meza. Mwaka mzima alikuwa akiota barabara. Lakini Ishwar alikuwa amemwambia Onsongo wazi: "Huyu kijana mchukue, akishanimalizia zile akaunti. Kabla ya hapo, hapana." Na Onsongo hawezi kuvunja neno la Ishwar, maana mawe yake yanalala stoo ya Ishwar.

Hizo akaunti zilianza Januari hiyo ya tisini na tisa. Kuna akademi moja ya bweni upande wa Nyamira, mwenye shule alichoka na wazazi kujaa ofisini wakiuliza maksi. Akasema maksi zitawekwa kwa kompyuta, kila familia ipate akaunti yake na neno lake la siri, wasomee mjini. Kisii nzima waliojua hiyo mambo ni wachache, na Thadeus alikuwa mmoja wao, yeye aliyeachia shule kidato cha pili. Ishwar akamweka kwa mashine. Anaunganisha kompyuta na laini ya simu, mashine inalia kama mbuzi amebanwa mlangoni, halafu majina yanateremka polepole.

Wazazi walikuja, wakaambiwa wachague neno. Wakamwangalia. "Si uchague wewe, na ukae nalo. Mimi nitalisahau nikifika tu Daraja Mbili." Hivyo ndivyo maneno ya familia thelathini na moja yaliingia kwa kichwa cha kijana mmoja. Wiki hii yote alikuwa akiyatoa. Kila familia ilikuja, ikachagua neno jipya, ikaenda nalo nyumbani, naye Mitali, mke wa mtoto wa Ishwar, anaweka alama kwa daftari. Thelathini zimewekwa alama. Imebaki moja, ya Angwenyi.

Shida ya Angwenyi ni nyumba mbili. Shule inajua baba mmoja, akaunti moja. Lewis wa Mong'ina na Ishmael wa Damaris wanatokea kwa ukurasa mmoja, huyu juu, yule chini. Mwenyewe Angwenyi aliulizwa, akasema yeye ananunua ng'ombe, mambo ya wanawake asiletewe. Basi Thadeus alikata kadibodi ya sanduku la sabuni. Mong'ina akija, anafunika chini. Damaris akija, anafunika juu. Miezi saba hakuna aliyegombana. Halafu juzi Thadeus akaenda Tabaka kuongea na Onsongo, Damaris akaja, na Mitali hakujua habari ya kadibodi.

"Pole, mama," Mitali akasema sasa. "Niliona ni watoto wa nyumba moja."

"Nyumba moja wapi?" Mong'ina akamgeukia. "Unaona tukipika chungu kimoja?"

"Na Ishmael ameshika ya nne," Damaris akasema, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

"Nyamaza!"

Saa sita kasoro kumi. Thadeus akasimama. "Wamama wangu, nisikilizeni. Neno tutagawa nusu. Mama Lewis anaandika nusu yake, Mama Ishmael anaandika nusu yake. Hakuna anayeweza kufungua peke yake. Mkitaka kusoma, mnakuja pamoja, Mitali anawafungulia. Hapo hakuna kuibiana siri."

Wakaangaliana. Hata Ishwar kule kaunta akainua kichwa. "Hiyo ni akili," akasema.

Mong'ina akaja wa kwanza. Lakini hakugusa mashine. Akainama mpaka kwa sikio la Thadeus, akanong'ona nusu yake. "Andika wewe. Na siku yangu nikija, unaniwekea na ya huyo. Mimi kukaa benchi moja na yeye, hiyo sahau."

"Lakini mama, mimi naenda..."

"Na usimwambie mtu. Hata huyu wa duka. Mama yako tumepakana shamba, nikisikia imetoka nitamwendea yeye."

Damaris akafuata, akanong'ona yake, akacheka kidogo. "Mimi pia usinipangie safari na mke mwenzangu, mwanangu. Utaniwekea tu."

Wakatoka, mmoja kushoto, mwingine kulia.

Mitali akafungua daftari, kalamu tayari. "Haya. Nani anajua neno lote?"

Ishwar akamwangalia Thadeus, Thadeus akaangalia kadibodi.

Nje lori likapiga honi mara tatu. Onsongo akachungulia mlangoni, mikono myeupe na vumbi la mawe. "Utingo! Tunaenda ama tunaoa?"

"Bado moja," Ishwar akasema.

"Moja tu?"

"Moja tu."

Onsongo akamtazama kijana, akasubiri aongee. Thadeus alifungua mdomo. Alimwona mama yake kule Magwagwa, Mong'ina amesimama kwa lango lake na ule mwavuli. Akafunga mdomo.

"Basi mwezi ujao," Onsongo akasema. Lori likateremka, mlio wake ukasikika mpaka daraja la kwanza, kisha la pili, kisha basi.

Thadeus akasukuma begi ndani zaidi na mguu. Mwanamume mmoja alikuwa ameshaingia, anauliza kama maksi za binti yake zimefika, neno analo lakini ameliacha kwa koti lingine.

"Ngoja kidogo, mzee," Mitali akamwambia. "Thadeus, karatasi ya fotokopi imeisha. Kimbia kwa duka la Nishant uchukue."

"Ngapi?"

"Pakiti mbili. Na leta ile nzito."

Akachukua kofia, akatoka.