Bi Etelka Amfundisha Lekvár Kuacha Kulungu

Jirani yangu Etelka alikuwa mpishi wa shule ya watoto wadogo hapa kijijini kwa miaka thelathini na moja, na katika muda wote huo hakuna mtoto aliyethubutu kubakiza supu. Alipostaafu, bintiye Réka, msusi wa mjini Zalaegerszeg, magharibi mwa Hungaria, akamletea mbwa. "Akuchangamshe, mama." Alikuwa vizsla, mbwa wa kuwindia, rangi ya kutu, mwenye uso wa mnyonge asiyejua kosa. Wakamwita Lekvár, yaani jamu.

Mnyonge huyo alipofikisha mwaka mmoja akagundua kulungu. Kwetu hapa wanashuka kutoka msituni kila asubuhi. Lekvár akiwaona tu, haoni wala hasikii kingine. Etelka hubaki katikati ya shamba la mahindi akipiga kelele, "Lekvár! Lekváár!" hadi watu wa ng'ambo ya bonde wadhani anatembeza jamu ya kuuza.

Mwezi wa nne akaja Barna, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mlinzi wa wanyama wa chama cha wawindaji. Alisimama mlangoni ameshika kofia mkononi, dalili mbaya hiyo.

"Shemeji, mbwa wako leo kamkimbiza kulungu mwenye mimba hadi barabara ya lami. Kidogo agongwe na trekta."

"Nani, Lekvár? Huyu anaogopa hata kuku wangu."

"Basi mkabidhi kwa kuku wamfunze adabu. Nikimwona tena, naandika ripoti. Undugu tutauweka kando."

"Undugu uliuweka kando zamani, siku ya harusi yangu, ulipomaliza soseji za wageni."

Alijibu hivyo, lakini Barna alipoondoka nilimkuta amekaa jikoni. Kile kitoto tumboni mwa kulungu kilikuwa kimemwingia moyoni. Halafu akaniambia, "Nimelisha karoti watoto mia tisa wasiotaka karoti. Mbwa mmoja atanishinda?"

Akanunua filimbi na kamba ya mita kumi, akakata maini vipande vidogo. Wiki mbili alipuliza filimbi jikoni tu: filimbi, ini; filimbi, ini. Kisha uani. Siku ya kwanza shambani, kulungu akatokea, Lekvár akachomoka, kamba ikaisha. Etelka hakuiachia. Nilimwona akipita mbele ya uzio wangu kwa tumbo, kama gunia la viazi.

"Umeumia?" nikauliza.

"Niache, najifunza!"

Na kweli alijifunza. Aligundua kwamba kabla ya kukimbia, Lekvár huganda kidogo, mguu mmoja wa mbele juu. "Hapo bado yuko nasi," akanieleza. "Akishaondoka, unaongea na mkia." Basi akawa anapuliza pale pale mguu unapoinuka, na mbwa akigeuka analipwa papo hapo. Kufikia Juni, Lekvár akimwona kulungu alirudi mwenyewe bila filimbi, akaketi mbele yake akisubiri. Kufikia Julai alianza utapeli: anakodolea macho msitu usio na kitu, kisha anarudi kudai.

"Kulungu yuko wapi?" Etelka anamuuliza.

Lekvár anajilamba.

"Tapeli wewe!" Na bado anampa nusu kipande.

Mwezi wa nane akamwalika Barna chakula cha Jumapili ajionee. Tulikuwa uani, supu ya kuku ndiyo kwanza imepakuliwa, dume la kulungu likaruka uzio na kutua kwenye bustani ya maharage. Lekvár akaganda. Mguu ukainuka. Barna akashusha kijiko. Kisha mbwa akageuka, akaja kuketi mbele ya Etelka.

Machozi yalimtoka Etelka. Akampa ini. Lekvár akamtazama tena kulungu, akageuka, akaketi. Ini jingine.

"Shemeji," Barna akanong'ona, "maharage yanaisha."

"Nyamaza, mbwa yuko kwenye mtihani!"

Maini yakaisha. Kulungu akahamia kwenye saladi. "Haya, mfukuze basi!" Etelka akamwambia Lekvár, naye akakaa wima zaidi, mtiifu kuliko watoto wote wa shule. Ndipo mama wa watu akavua kandambili na kumtimua kulungu mwenyewe hadi bondeni, aproni ikipepea, matusi ya jikoni yakimtoka mbele ya kasisi aliyekuwa akipita na baiskeli.

Barna alicheka mpaka akashika meza. Akaichukua filimbi ya Etelka pale mezani, akapuliza. Lekvár akamkimbilia, na Etelka naye, kule bondeni, akasimama ghafla na kugeuka.

Jumatano Barna alileta nguzo na waya, akainua uzio wa bustani siku nzima. Kuomba radhi hakuomba. Alikula sahani mbili, akafuta masharubu, ndipo akauliza kwa sauti ya chini kama Etelka angeweza kumfunzia mbwa wake jike, bado mdogo, ambaye, Mungu amsamehe, anakimbiza sungura.