Siku Nilipotia Rangi Maziwa ya Mama

Mwaka wangu wa mwisho chuoni walituletea dada mmoja mwenye suti atufundishe namna ya kutafuta kazi. Alisema tujiuze. Alisema mwajiri hana shida na cheti chako, ana shida na matatizo yake, kwa hiyo ukifika mahali tafuta tatizo lao, waonyeshe, na uwape suluhisho hapo hapo. Niliandika kila neno. Leo nikikutana na dada yule nitamsalimia vizuri, nitampa kiti, halafu nitamwuliza kama mama yake yuko hai.

Nilirudi kwetu Tumati na shahada ya sayansi ya chakula, na kijiji kizima kikaelewa kwamba nimesomea kupika. Miaka minne chuo kikuu, kupika. Kila kipaimara na kila harusi ya ukoo nikawa naitwa jikoni. "Mtaalamu yupo, mwacheni aangalie wali." Wali ukiiva, sifa ni za shangazi. Wali ukiungua, kosa ni la chuo kikuu. Nikawa nasimama kwenye moshi na mwiko mkononi, natabasamu, huku moyoni nawatukana wote mmoja mmoja.

Bahasha nilituma mpaka karani wa posta Mbulu akawa ananiuliza kama nimepata, na kwa namna alivyouliza ilionekana alishachoka kwa niaba yangu. Basi nikaacha barua, nikaanza kwenda mwenyewe, kama dada wa suti alivyosema. Katesh kulikuwa na mzee anakamua mafuta ya alizeti. Chupa zake zilipangwa nje juani toka asubuhi mpaka jioni, zinang'aa vizuri, zinaharibika. Nikaliona tatizo. Nikamwamkia, nikamweleza kwa heshima kabisa kwamba jua linaharibu mafuta, yanachacha na kuanza kunuka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza nani amenituma. Nikasema sijatumwa na mtu. Uso wake ukatulia. "Kama hujatumwa na mtu, basi toka," akasema, na mlinzi akanisindikiza mpaka barabarani.

Gehandu nilijitolea kwenye mashine ya kusaga na kufungasha unga. Kujitolea maana yake nilifagia pumba miezi mitatu. Nafasi ya mshahara ilipopatikana, mwenye mashine alimleta shemeji yake, nami nikaambiwa nimwelekeze kazi kabla sijaondoka. Nikamwelekeza. Nilimwelekeza vibaya makusudi, na sijutii.

Hapo ndipo tangazo la kituo cha maziwa lilipobandikwa, njia panda, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Kilikuwa kituo cha wafugaji wenyewe. Watu wanaleta maziwa alfajiri, yanapimwa, yanamwagwa kwenye tangi la baridi, gari linakuja kuyachukua. Walitaka mpima maziwa. Kwa mara ya kwanza nilisoma tangazo la kazi ambalo ni la kwangu hasa, na lipo karibu na nyumbani. Nilikuwa na miaka miwili toka nihitimu. Kaka yangu alishasema mezani, mbele ya mke wake, kwamba hii nikiikosa nitachukua jembe kama binadamu wengine. Mama yeye alishatangaza kanisani. Hakusema nimeomba. Alisema nimepata.

Kamati ilikuwa na wazee watano, na mwenyekiti wao alikuwa rika moja na marehemu baba. Tuliitwa wawili. Mwenzangu alikuwa binti wa kidato cha nne ambaye tayari alikuwa anaosha makeni ya kubebea maziwa pale kituoni, na maziwa aliyapima kwa pua. Anainama, ananusa, anasema haya sawa, haya hapana. Mimi nikasimama na kujiuza. Nikawaambia tatizo lao ni hili: maziwa mnayoyakataa mnamrudishia mwenyewe yakiwa meupe vile vile, naye anakwenda kuyauza hotelini, watu wanaumwa, kituo kinapata jina baya. Suluhisho langu ni rangi ya chakula. Maziwa yakikataliwa yatiwe rangi ya bluu mbele ya mwenyewe, kwa kila mtu bila upendeleo, hakuna atakayeweza kuyauza tena. Nikaiweka chupa ya rangi mezani. Wazee wakaitazama ile chupa, wakatazamana. Mwenyekiti akasema hilo ni jambo zuri, nije Jumatatu alfajiri nipime mbele yao, halafu wataamua.

Waliniazima kipimo nikafanye mazoezi. Ni kile cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa. Jumapili mchana nikawa nafanya mazoezi jikoni, mama ananitazama kama naendesha ndege. Nikamweleza kidogo tu, huku napiga pasi sketi yangu. Kikizama sana, maziwa yametiwa maji. Kikielea juu, maziwa ni mazito.

"Kwa hiyo mazito ndiyo mazuri?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

Nilimjibu hivyo kwa sababu pasi ilikuwa inapoa. Kipimo cha spiriti sikumwambia. Sikumwambia kwamba maziwa mazito kupita kiasi nayo yana kasoro, na kwamba yakichanganywa na spiriti yanaganda vipande vipande. Nilimjibu kama unavyomjibu mtu asiyekwenda shule.

Sasa, ng'ombe wetu mwekundu alikuwa amezaa Ijumaa. Maziwa ya siku za kwanza, ya dang'a, kwetu hayatoki nje ya boma. Yanapikwa kwa moto mdogo mpaka yashikane, watoto wa jirani wanaitwa kula, na kijiko cha kwanza ni cha mkubwa wa nyumba. Hayauzwi. Mtu anayeuza dang'a anamnyima ndama na anamnyima jirani kwa mkupuo mmoja, na watu wanamkumbuka kwa hilo. Mama alilijua kuliko mimi. Jumapili ile ile alinipa kijiko cha kwanza, kilichokuwa chake, akasema kesho yangu ni kubwa kuliko umri wake.

Jumatatu kabla jua halijatoka foleni ilikuwa imefika barabarani. Wazee wanne walikaa kwenye benchi, mwenyekiti akasimama begani kwangu. Nikapima wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikamkamata mama mmoja aliyetia maji, maziwa mepesi kabisa, na nilipokuwa natafuta chupa ya rangi, yeye alishashika ndoo yake na kutokomea. Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema, "Anayefuata usimwachie ndoo."

Aliyekuwa wa sita ni mama. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Ndoo ameifunika kwa kitambaa cheupe alichokinyoosha usiku huo kwa pasi yangu.

"Habari ya kazi, mtaalamu," akanisalimia, kwa sauti ya kusikika nyuma.

"Nzuri. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikatia kipimo. Kikaelea juu sana, juu kuliko nilivyowahi kuona hata maabara. Mama akageuka kuitazama foleni, na uso wake, jamani, ulikuwa uso wa mtu ambaye mtoto wake anasomewa matokeo. Hapo hapo nikajua. Niliona ule umanjano. Nikanusa, nikavuta kidogo kwa bomba la kupimia, nikachanganya na spiriti kwenye kikombe cha kupimia. Maziwa yakakatika vipande. Alikuwa amechanganya ya dang'a na ya kawaida ili yawe mazito, ili mwanawe aanze kazi kwa maziwa bora kuliko ya watu wote.

Watu huniambia nilikuwa sina jinsi. Si kweli. Ningeweza kusema spiriti imeharibika. Ningeweza kusema mama, weka pembeni kwanza, nitayarudia. Mwenyekiti angejua, na pengine angenyamaza. Nilifikiria yote hayo, kikombe kikiwa mkononi, na nikafikiria pia ile pumba ya Gehandu na mlinzi wa Katesh.

"Yamekataliwa," nikasema.

"Pima tena," mama akasema taratibu.

Nikapima tena. Yakakatika tena, na safari hii mwanamke wa nyuma yake alinyoosha shingo akaona. "Hayo si ya dang'a?" akauliza. Neno likatembea kwenye foleni kwenda nyuma. Nikasikia mtu anasonya. Nikasikia mwingine anasema, "Hata dang'a anauza, jamani, huyu mama ana njaa gani?" Mama alitazama chini. Hakuwaambia sababu. Angewaambia sababu angenitaja mimi.

"Na ile rangi?" mwenyekiti akauliza.

Nikachukua chupa. Mama akaweka kiganja juu ya ndoo.

"Mwanangu, nitarudi nayo nyumbani. Siuzi. Tutakula wenyewe."

Nikamjibu kwa ile sauti niliyoitoa chuoni, ya kusomea ripoti. "Mama, utaratibu ni kwa watu wote. Tafadhali toa mkono."

Akautoa. Nikamimina, nikakoroga kwa mwiko mpaka maziwa yote yakawa ya bluu, mpaka povu. Na nisidanganye, maana kudanganya hapa hakutanisaidia kitu: nilijisikia vizuri. Kwa dakika kama mbili nilijiona mtaalamu. Nilimwona mwenyekiti anatikisa kichwa kwa kukubali na nikasema moyoni, imeisha, kazi ni yangu. Mama akajitwisha ndoo, akashika njia. Mfuniko haukukaa vizuri, na kila hatua bluu ikawa inamchuruzikia kwenye bega la kitenge. Watu walimpisha kama unavyompisha mtu aliyebeba maiti. Mimi nikaita, "Anayefuata."

Kesho yake saa nne asubuhi kamati ikaniita. Nilikaa kwenye kiti mbele yao, nimenyoosha sketi. Mwenyekiti alianza kwa kunisifu. Alisema hawajawahi kuona mtu anapima haraka na kwa uhakika vile, na kwamba baba yangu angefurahi kuona nimesoma. Nikamshukuru. Akakohoa.

"Ila, binti, tumezungumza sana. Hapa sisi sote ni mama zako na baba zako. Mtu aliyemfanyia vile aliyemzaa, sisi atatuonea huruma gani? Watu hawataleta maziwa. Wanaanza kusema tayari."

"Mzee, ni wewe uliyeniambia nitie rangi."

"Nilikuuliza," akasema, bila hasira. "Nilitaka kuona."

Wale wengine wakatazama nje kupitia dirishani. Kazi walimpa binti wa pua. Nilipochukua bahasha yangu na chupa yangu ili niondoke, mwenyekiti akaniita mlangoni.

"Hiyo rangi utuachie. Lile wazo ni zuri."

Nikawaachia. Ningeweza kuivunja sakafuni, na mpaka leo huwa naivunja akilini nikiwa naoga au nafua, lakini siku ile niliiweka mezani taratibu, nikaaga wazee kwa adabu.

Nyumbani mama alikuwa nje anasugua ndoo kwa majivu. Alama ya bluu ilikuwa imebaki kwenye mdomo wa ndoo, haitoki. Hakunyanyua kichwa.

"Umepata?"

"Hapana."

Aliendelea kusugua. Nilisubiri anitukane. Ningependa anitukane. Nilitaka kumwambia kosa ni langu, kwamba nilimfundisha nusu, lakini kusema kweli sehemu yangu fulani ilikuwa bado inamlaumu yeye. Nilimlaumu kwa kunipenda kwa ndoo. Mimi ni mtu wa namna hiyo, na najijua.

"Ungepata," akasema hatimaye, "ningesema sawa."

Akaigeuza ndoo, akaanza kusugua upande wa pili.

Hakupeleka maziwa kituoni tena. Watu wa foleni ile walimpa jina, na jina lenyewe nalijua, ila halitaandikwa na mimi. Mimi nilishika jembe, kama kaka alivyosema, misimu miwili. Bahasha sikuacha kutuma.

Mwaka huu nikaitwa usaili Arusha, kiwanda cha kusindika vyakula. Watu watatu nyuma ya meza, maji ya chupa, kiyoyozi. Mmoja akaniuliza swali ambalo dada wa suti alituambia litakuja tu: tueleze wakati ulipofanya uamuzi mgumu kulinda ubora. Nikawaeleza. Nikawaeleza foleni, kipimo, spiriti, vipande, rangi. Nikasema mteja alikuwa mzee na aliomba aruhusiwe kurudi nayo nyumbani, lakini nilisimamia utaratibu. Niliieleza vizuri sana, pasipo kukwama hata mara moja. Waliandika. Mmoja aliacha kuandika akanitazama tu, anatabasamu. Wiki iliyofuata, nikiwa bado huku Arusha, wakanipigia simu, nimepata.

Nikampigia mama. Alishukuru Mungu, nikasikia kuku kwa mbali.

"Walikuuliza nini?"

Sikuwa na haja ya kumjibu ukweli. Nilimjibu. "Waliniuliza kuhusu ubora. Nikawaambia ile ya maziwa."

"Ukasema ni mimi?"

"Hapana, mama. Nilisema mteja."

"Mteja," akarudia. Kisha akaniuliza kama huku Arusha mvua imeanza.