Namba ya Hamsini

Leo jirani ameloweka ukindu uani, na harufu yake imenirudisha Chumbageni, kwenye jamvi alipokuwa akikaa dada yangu kushona makawa ya kufunikia vyakula. Baba alimwachisha shule alipovunja ungo, akawekwa ndani kusubiri mume.

Siku moja mwalimu alituandikia tano, nane, kumi na moja, kumi na nne, akataka kesho yake tumpe namba ya hamsini. Nyumbani nilikuwa nahesabu kwa vidole, dada akanizuia.

"Utachoka bure. Kila mara inazidi tatu. Namba ya pili umeongeza mara moja, ya tatu mara mbili. Ya hamsini je?"

"Mara arubaini na tisa."

"Basi zidisha kwa tatu, kisha jumlisha ile tano ya mwanzo. Hata akitaka ya elfu, utampa."

Darasani ni mimi peke yangu niliyepata mia moja hamsini na mbili. Mwalimu akaniuliza nani kanifundisha.

"Nimewaza mwenyewe," nikasema, na wenzangu wakanipigia makofi.

Nilipofika nyumbani dada aliacha kushona.

"Mwalimu hakuuliza nani kakufundisha?"

"Hakuuliza."

Akarudia kushona. "Nilidhani akijua ni mimi, angekuja kumwomba baba nirudi shule."

Nilishindwa kumtazama. Mwezi ule ule akaozwa Kigombe, na uzazi wa kwanza ukamwondoa duniani.

Mimi niliendelea kusoma.