Kifua cha Kuazima

Dada yangu alijifungua kabla ya wakati, kwa upasuaji, presha ikiwa imempanda hadi akapoteza fahamu. Yeye alipelekwa ICU, mtoto akawekwa kwa mashine ya joto upande mwingine wa hospitali. Mimi niliomba ruhusa kwa hoteli ninayopikia huko Mlolongo, nikaja Machakos nikidhani naleta uji tu.

Mtoto alipotolewa kwa mashine, muuguzi alisema sasa anahitaji kifua.

"Baba yake yuko wapi?"

"Yuko safari na lori."

Mama yetu alikuwa ametoka Ekalakala na kikohozi, akakatazwa hata kuchungulia.

"Basi ni wewe. Toa blauzi."

Akanifunga mtoto kifuani kwa leso, ngozi kwa ngozi. Alikuwa na manyoya laini mgongoni, na masikio yaliyojikunja ukiyagusa. Niliogopa kupumua.

Wanawake wa chumba kile, kila mmoja na wake kifuani, walinitania.

"Huyu msichana amepata mtoto bila uchungu."

"Na bila mume," nikawajibu. "Mna wivu."

Nilishinda nikimnong'onezea mambo ya duka la keki nitakalofungua, vile nitapaka mlango rangi ya waridi, vile atakuja kulamba sufuria. Hakuwa na jina bado, tulikuwa tunamngoja mama yake. Akisikia sauti yangu alitulia. Zile siku nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya, na dada yangu alikuwa amelala huko hajui hata kama amezaa.

Kisha akaamka. Alipopata nguvu kidogo wakamleta kwa kiti cha magurudumu, uso umevimba, midomo imepasuka. Akanyoosha mikono.

"Nipe nimwone."

Nikamfungua mtoto, muuguzi akamweka kwake. Mtoto alilia. Aligeuza kichwa huku na huku akitafuta, mpaka akawa mwekundu. Muuguzi akaogopa atachoka, akamrudisha kwangu, na hapo hapo akanyamaza.

"Anakujua wewe," dada alisema.

"Atazoea, mama," muuguzi akamwambia.

Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Maziwa yalikuwa matone tu. Dada akaanza kumwangalia kama mtoto wa jirani, kwa adabu, bila kumgusa.

Mimi nikapata wazo, nikaliona zuri sana. Nikamletea leso niliyomfungia mtoto jana yake, bila kuifua, na mkebe wa mafuta yangu ya kujipaka.

"Jipake haya na ujifunge hii. Atafikiri ni mimi."

Aliufungua ule mkebe, akaunusa, akaufunga.

"Sasa nivae wewe ndio mtoto wangu anipende?"

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Ndipo akaniita kwa Kikamba, mwiitu wa mwaitu, binti ya mama yangu.

"Umemwokoa. Lakini ukiwa hapa, ataendelea kukungoja. Nenda nyumbani."

Muuguzi aliendelea kukunja shuka, hakunitetea. Nikamfungua mtoto mara ya mwisho, nikamlaza kwa mama yake, nikatoka kabla hajafungua macho.

Nilifika tu penye kamba za kuanikia nguo, nikamsikia. Kile kilio nilikijua. Kifua changu kilikuwa baridi pale alipokuwa analala, na mikono ilikuwa imeshaanza kufungua sweta yenyewe. Nilishika kamba. Akalia mpaka sauti ikakatika, akaanza tena, mwishowe akanyamaza.

Mama mmoja wa chumba chetu akatoka na nepi za kuanika.

"Amelala?" nikamuuliza.

"Bado. Amechoka tu." Akakung'uta nepi. "Lakini dada yako amekataa kumwachilia muuguzi amchukue. Amemshika, wamelia wote wawili."

Nikafunga vifungo vya sweta hadi shingoni, nikaenda.