Majina Tuliyoyaacha Ndani ya Sataranji

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitambaa. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa nchini, kompyuta zimeanza kufika Singida Mjini, na kituo chetu cha mafunzo kilikuwa nazo chache, zimefunikwa kama bibi harusi. "Upepo wa hapa unabeba vumbi," Mkuu wa Kituo aliniambia. "Pangusa kwanza, usomi baadaye."

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura, mwandishi wa programu, binti wa mrina asali wa Rungwa. Ukikosea alikuambia, "Kompyuta haina ubishi, mbishi ni wewe." Sijapata tena mwenzangu wa kazi kama yeye, na ninyi vijana mnisamehe nikisema hivyo.

Tukaamua kupeleka programu ya sataranji kwenye mashindano Dodoma, ambako programu hucheza na programu. Hatukuanzia patupu. Tulichukua msimbo huria, yaani maagizo ya kompyuta ambayo waandishi wake, watu wa ng'ambo, waliyaacha wazi ili yeyote ayasome na kuyabadilisha. Leseni yake iliruhusu hata kuutumia mashindanoni, mradi majina yao yabaki, na ukiigawa programu yako ugawe na msimbo wake kwa masharti yale yale. Zuhura aliandika upya sehemu ya mwisho wa mchezo, kete zinapobaki chache. Aliipenda kuliko chakula.

Safari ilipokaribia, Mkuu akaja juu. "Futeni majina ya hao Wazungu! Waamuzi watasema tumeiba, watutoe."

"Tukiyafuta ndiyo tumeiba, Mzee," Zuhura akajibu. "Kwetu Rungwa ukiachiwa mzinga, alama ya aliyeuchonga huigusi. Unachonga yako pembeni. Ukiikwangua, hata ndugu yako harini asali nawe tena."

Mkuu angeweza kuizuia safari kwa neno moja, na Zuhura hakuwa na hamu nyingine duniani. Mkuu akaguna. "Haya. Ila mkitimuliwa, mtarudi kwa miguu."

Dodoma, mwamuzi mkuu akauliza, "Chenu hapa ni kipi?" Zuhura akamwonyesha sehemu yake, na jina lake chini ya yale ya wenyewe. Mwamuzi akasoma taratibu, akaturuhusu kucheza. Tulichapwa, lo! Lakini njia nzima ya kurudi Zuhura alikuwa akiimba. Baadaye tukaugawa msimbo wetu kwa kila aliyeuomba, kama leseni ilivyotaka.

Zuhura alifariki kabla sijastaafu. Namkumbuka mno, na kile chumba chenye vumbi nakitamani hata leo.

Juzi binti mmoja wa Manyoni alikuja nyumbani na programu yake ya sataranji, ameijenga juu ya ile yetu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akaifungua kwenye kompyuta yake. Majina yote yalikuwepo, la kwake likiwa la mwisho. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Babu, huyu Zuhura alikuwa nani?"

Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa ameniuliza habari zake. Nikamvutia kiti.